Karatasi za Jua juu ya Mabati ya Maman Nyota

9 Septemba

Leo karatasi zimepanda juu ya mabati. Kabla ya kufunga ya kwanza nilisali kidogo, kimya kimya nilivyodhani, lakini Yassine aliyekuwa ananishikia waya alisikia yote. Akajibu, "Amina," akanipa waya mwingine.

Niandike vizuri tangu mwanzo. Naitwa Aimée Mapendo. Nimesoma kemia, nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro katika timu ndogo ya profesa Cyprien, na nimepanga chumba hapa Bukavu, mtaa wa Cimpunda, kwa maman Nyota, mjane anayeuza vitenge soko la Kadutu. Yassine ni mtoto wake wa pekee. Ana atelier, karakana ya madirisha ya kioo na aluminiamu karibu na soko.

Watu wakisikia "solaire" wanafikiria vile vioo vizito vya bluu. Hizi zangu si vioo. Ni plastiki nyepesi, unaiviringisha kama mkeka, imepakwa wino wa zambarau uliotengenezwa kwa kaboni, na huo wino ndio unaokamata mwanga na kuugeuza umeme. Motari, dereva wa pikipiki, anaweza kubeba kumi mgongoni na kupanda nazo kilima chochote. Shida yake ni moja: hakuna anayejua zitadumu muda gani. Kampuni ya ng'ambo iliyozitengeneza iliziweka ndani ya sanduku lenye joto na unyevu, zikafaulu. Sasa wanataka kujua zitafanyaje chini ya jua letu na mvua yetu. Kazi yangu ni kuziacha hapa msimu mzima, kuzipima kila siku, na kusema kama zinafaa. Nikisema ndiyo, shehena itakuja kabla ya Noeli kwa maternité, zahanati ndogo za uzazi za vilimani zisizo na umeme.

Nyumba ya maman Nyota imekaa kwenye mteremko. Ukisimama uani, paa la jikoni liko chini ya magoti yako, na mabati yanaota jua tangu asubuhi. Nimeziweka kwa mstari, nusu kushoto, nusu kulia. Namshukuru sana kwa kukubali.

10 Septemba

Mvua ya kwanza. Fupi. Karatasi hazikushtuka.

14 Septemba

Nimerudi kula saa sita nikakuta upande wote wa kushoto umefunikwa. Mashuka, gauni, fulana za Yassine, vyote vimetandazwa juu ya karatasi zangu vikauke.

"Maman Nyota, samahani. Karatasi zinahitaji jua."

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua uso. Familia yao ilitoka pwani zamani, ikakaa Uvira kabla ya kupanda huku, na akikasirika Kiswahili chake kinanyooka.

"Na nguo zangu zinahitaji nini, mwanangu? Mwezi?"

"Lakini tulikubaliana na profesa."

"Profesa aliomba kuweka vitu juu ya paa. Hakuniambia nitavaa nguo mbichi. Jua likitoka, mimi naanika pale ninapoanika tangu nilipoolewa. Mvua ikija naanua. Huo ndio utaratibu wa nyumba hii."

Nimeingia chumbani kabla sijasema neno baya.

18 Septemba

Nguo tena. Upande wa kushoto tena.

21 Septemba

Nimeenda na motari mpaka juu ya Katana, kwenye maternité ya kilimani ambayo itakuwa ya kwanza kupata karatasi. Vyumba viwili na baraza. Anayeiendesha ni maman Mélanie, sage-femme, yaani mkunga, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Nilipima paa lake, halafu nikamwonyesha kipande cha karatasi. Alikishika kama mtu anayenunua kitambaa, akakipeleka kwenye mwanga.

"Hii njo solaire? Iko nyepesi sawa karatasi ya bonbon."

"Njo yenyewe, maman."

"Itadumu?"

"Kampuni inasema miaka kumi."

"Sikuuliza kampuni. Nauliza weye."

Nikasema kwamba sijui bado, kwamba nitajua mvua zikipita. Akatikisa kichwa kama vile jibu hilo limemtosha. Wamama watatu wenye mimba walikuwa wamekaa barazani, na aliwatafsiria kwa Mashi, lugha ya kwao. Mmoja akapiga makofi. Sikupenda makofi yale. Mimi nilikuwa nimesema sijui, yeye alisikia taa.

3 Oktoba

Vipimo vizuri. Upande wa kulia umeshuka kidogo kama ilivyotarajiwa, wino mpya huwa unapoteza nguvu kidogo jua la kwanza kwanza, halafu unatulia. Upande wa kushoto, wa nguo, haujashuka hata kidogo. Bila shaka. Haujawahi kufanya kazi.

6 Oktoba

Lwiro. Nilimlalamikia profesa Cyprien kuhusu nguo. Alinisikiliza huku anasoma kitu kingine. "Nyumba iko ya watu," alisema tu. Ni mtu baridi. Miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumsikia akicheka wala akiuliza mtu amelalaje.

12 Oktoba

Mvua kubwa mchana, na jua kali kabla yake. Jioni niliona kitu kwenye kona ya karatasi moja ya kulia: mstari mweupe kama maziwa, mwembamba kama uzi. Nimeusugua kwa kidole. Hautoki. Uko ndani.

13 Oktoba

Mstari uko kwenye karatasi tatu.

15 Oktoba

Tano. Nguvu imeanza kuanguka.

16 Oktoba

Sikuandika chochote kwa profesa. Namsubiri Mungu aniambie nimekosea kupima.

22 Oktoba

Sikukosea. Upande wa kulia umepoteza karibu nusu ya nguvu zake. Weupe unaingia kutoka ukingoni kwenda katikati, na pale unapopita, nyuzi za fedha zinazobeba umeme zinageuka nyeusi.

Barua pepe imekuja kutoka kwa Elodie, mhandisi wa kampuni, yule tunayeandikiana naye. Ni mtu mwema, anauliza hali yangu kwanza. Anasema shehena iko tayari, wanasubiri neno langu tu wapakie. Anaandika kwamba wino mpya ulikuwa kazi ya maisha yake.

Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Kama ni wino unaokufa kwa jua, basi kazi yake yote imekwisha, na mimi ndiye nitakayemwambia. Na maman Mélanie pia. Na wale wa barazani.

23 Oktoba

Niandike polepole nisiruke kitu, maana leo ni siku ya furaha.

Asubuhi niliamua kutoa karatasi za kushoto. Tangu weupe utokee nilikuwa nimeacha hata kuzipima, na nilijiambia hazina faida: zimekaa chini ya mashuka kila jua lilipotoka, hazilingani na za kulia, zitanichafulia kazi. Nikapanda na koleo kukata waya. Nikainama. Nikaona weupe.

Weupe uleule. Kwenye kona zilezile. Umeingia kiasi kilekile.

Nilikaa pale juu ya mabati na sketi yangu ya kazi. Karatasi hizi hazikuona jua. Maman Nyota alizifunika kila jua lilipotoka, akazifunua kila mvua ilipokuja, siku baada ya siku, bila kukosa. Hakuna maabara ambayo ingefanya vizuri kuliko hapo: mvua yote, mwanga karibu hakuna. Na bado zimekufa sawasawa na zile za kulia.

Basi si jua. Wino hauna kosa. Ni maji, na yanaingia kwa ukingo.

Nilichukua karatasi moja ya kulia, iliyochakaa zaidi, nikaishusha na kukata kipande cha katikati kwa wembe. Kilikuwa bado zambarau safi. Nikakiunganisha na mita, nikakielekeza mbinguni. Kilitoa umeme kama siku ya kwanza.

Nilishuka nikamkuta maman Nyota amebeba beseni la nguo, anakuja kuanika. Nilimkumbatia pamoja na beseni.

"Una nini leo?"

"Endelea kuanika, maman. Tafadhali endelea kuanika."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeona homa inaanza. "Nenda ulale kidogo, mwanangu. Nitakuletea uji."

Na uji ulikuja, na sukari nyingi. Ni vigumu kuandika hili lakini ni kweli: kwa wiki zote hizi nilimhesabu mama huyu kama kizuizi cha kazi yangu. Niliweka kitanda changu ndani ya nyumba yake na moyo wangu nikauacha nje.

24 Oktoba

Kwa nini ndani ya sanduku lao zilifaulu? Leo nimepata sehemu ya jibu kwa kiganja. Saa saba mabati yalikuwa moto, huwezi kuyagusa. Wingu likatokea upande wa ziwa, mvua ikapiga, na kabla sijafika mlangoni mabati yalikuwa baridi kama bomba. Yalilia, ta, ta, ta, yakijikunja. Karatasi imefungwa juu yake, nayo inavutwa na kuachiwa, inavutwa na kuachiwa. Gundi ya ukingoni inachoka, inafunguka, maji yanaingia. Ndani ya sanduku lao karatasi ililala tuli. Joto na unyevu vilikuwepo, bati halikuwepo.

26 Oktoba

Lwiro, barabara ya matope. Nilimweleza profesa kila kitu: nguo, kipande cha katikati, mabati. Safari hii aliweka kalamu chini.

"Kwa hiyo jibu yako kwa kampuni iko nini?"

"Hapana. Wasitume. Si hizi."

"Unajua banaweza kufunga mradi. Mukataba yako iko ndani."

"Najua, professeur."

Aliangalia dirishani. Nje tumbili wa kituoni walikuwa wanapiga kelele. Halafu akavuta kiti chake akakileta upande wangu wa meza, kitu ambacho hajawahi kufanya.

"Andika vile umeona. Mimi nitatia saini kwanza, jina yako itakuja chini ya yangu. Kama iko mutu banataka kukasirikia, bakasirikie mimi."

27 Oktoba

Ripoti nimeituma. Jibu halijaja.

2 Novemba

Leo nilikwenda kumwambia maman Mélanie. Pikipiki ilikwama kwenye matope chini ya kilima, nikamalizia kwa miguu huku naandaa maneno, na yote yalinitoka nilipomwona.

Alikuwa anaosha mikono. Nikasema, "Maman, hazifai. Hazitakuja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Zinaingiza maji kwa kingo. Taa zingewaka vizuri wakati wa jua, halafu mvua zingekuja, zingezimika moja moja mukiwa katikati ya kazi."

Alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Nilingoja lawama. Nilitamani hata zije.

"Ulitoka Bukavu, na hii barabara, juu ya kuniambia ile?"

"Ndiyo."

"Weye ulipandisha na miguu?"

"Kuanzia kule chini."

"Batu ba projet banakuja hapa kusema iko muzuri," alisema. "Banapiga picha. Hakuna mwenye alisharudia kuniambia iko mubaya." Akaingia ndani, akatoka na viazi vitamu vya moto kwenye sahani, akanikalisha barazani nile mbele yake. "Koko bwenene, asante sana, mwali wangu. Sasa sikiya. Siku mukipata ingine, musiniletee mupya. Muniletee yenye mvua imeshapiga."

Nilicheka na viazi mdomoni, machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

5 Novemba

Nilibaki na karatasi chache ambazo hazijaguswa ndani ya boksi. Nimezipeleka kwa Yassine. Nilimwambia ninachotaka: karatasi ilale kati ya kioo chembamba chini na plastiki ngumu juu, ukingo wote uzibwe, na isiguse bati kabisa.

Alifikiri huku anaguguna penseli. "Kuziba na silicone?"

"Silicone inapitisha mvuke. Polepole, lakini inapitisha."

"Basi iko ule mupira mweusi, wenye kunata, banatia kati ya vioo viwili ju dirisha isifanye ukungu. Niko na rouleau moja yake imeviringishwa, kiliyenti mumoja aliiacha."

Nilitaka kumkumbatia na yeye lakini kulikuwa na wateja. Huo ndio mpira niliousoma kwenye vitabu, na sikujua kama upo Bukavu. Tulifanya kazi mpaka soko likafungwa. Yeye alikata, mimi nilisafisha kingo kwa alkoholi, tukaviminya pamoja kwa magoti. Vimetoka fremu nne, nzito kidogo, lakini mtu mmoja anaweza kubeba mbili. Tumezipandisha kwenye mabati ya jikoni, juu ya vijiti vya mbao ili hewa ipite chini.

9 Novemba

Kampuni kimya.

12 Novemba

Kampuni kimya. Fremu nzima. Mvua kila siku.

14 Novemba

Maman Nyota ameanza kuniuliza kila jioni, "Wagonjwa wako wameshindaje?" Wale wa zamani hawana matumaini, nimemwambia, wale wanne wapya wanakula vizuri.

17 Novemba

Jumapili. Ilinyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Nilikuwa misani. Tukitoka, mtu akaniita kwa jina, akasema udongo umeshuka kwetu.

Sikumbuki njia. Nakumbuka viatu vikinitoka na mimi kuendelea bila viatu.

Ukuta wa mawe uliokuwa unashika kiwanja chetu ulikuwa umeondoka. Ulikuwa umelala juu ya nyumba ya chini, ya baba Zagabe, na nusu ya jikoni yetu imeufuata. Mahali pa mafiga palikuwa hewa tupu. Watu wamejipanga mstari wanapitisha mawe mkono kwa mkono, na mvua haijali.

"Nani yuko chini?" nilipiga kelele. "Nani yuko chini?"

"Hakuna mutu!" akajibu Zagabe mwenyewe, amesimama kwenye matope na mtoto begani. "Bote tulitoka. Maman Nyota njo alitutosha inje."

Alikuwa amesikia ardhi inasema, ndivyo walivyonieleza: sauti kama ya gunia linaloburutwa. Alitoka na kanga yake ya swala, akashuka kwenye mvua, akagonga mlango wa Zagabe kwa mchi mpaka wakafungua, na akamvuta bibi yao mzee kwa mikono miwili. Walikuwa bado kwenye kona ya njia ukuta ulipoanguka.

Nilimtafuta. Nilimkuta upande wa juu, analowa, anamwelekeza Yassine aliyelala kifudifudi juu ya mabati ya jikoni yaliyoning'inia. Alikuwa anakata waya za fremu zangu na kumpa mama yake moja moja. Tatu zilikuwa tayari zimefunikwa chini ya meza. Nyuma yao, mlango wa stoo ulikuwa wazi, na mabunda ya vitenge, biashara yake yote, yalikuwa yanateleza kuingia kwenye matope.

"Acha!" nikapiga kelele. "Yassine, shuka! Maman, vitenge vyako!"

"Moja bado," akasema maman Nyota.

"Ni plastiki tu, maman! Atakufa kwa ajili ya plastiki?"

"Yassine, mikono polepole. Hivyo. Lete." Akaipokea ya nne, akaikumbatia kifuani kama sinia, na Yassine akarudi kinyumenyume mpaka tukamkamata miguu. Hapo ndipo akanigeukia. Maji yalikuwa yanamtiririka puani.

"Vitenge vinafuliwa," alisema. "Hizo zako ukizifua zitakuwa nini? Na yule mwanamke wa Katana ulimwahidi."

Nilikuwa nimemwambia habari za maman Mélanie mara moja tu, nikiwa nakunywa uji wake.

18 Novemba

Asubuhi nilikuta mtu amenitangulia kwenye mawe, mgongo kwangu, shati jeupe la ofisini limekuwa rangi ya udongo. Aligeuka. Profesa Cyprien. Alikuwa ametoka Lwiro gizani baada ya kusikia, na hakuwa amempigia mtu simu. Alibeba mawe mpaka jioni. Mchana alikula ugali amechuchumaa pamoja na Zagabe na wanaume wengine, na mtu mmoja aliposema kitu kuhusu suruali yake, alicheka. Anacheka vizuri, kumbe. Kichwa kinarudi nyuma.

Akiondoka aliniuliza, "Ulilala namna gani?"

19 Novemba

Tunafua vitenge. Mtaa mzima unafua. Kuanzia kwetu mpaka bombani kuna kitenge juu ya kila uzio, kila mti, kila bati. Mke wa Zagabe na binti zake wamekataa kuondoka mpaka bunda la mwisho liishe. Maman Nyota amekaa kwenye kiti, amekatazwa kugusa maji kwa sababu anakohoa, na anatoa amri kwa sauti iliyokauka.

Fremu ziko juu ya paa la nyumba kubwa sasa. Nimezipima. Nzima zote nne.

23 Novemba

Kikohozi cha maman kimeshuka. Ashukuriwe Mungu. Yassine anasema Alhamdulillah, nami naitikia Amina. Zamu yangu.

6 Desemba

Elodie amepiga simu. Si barua, simu. Sauti yake ilikuwa imechoka.

Alisema wiki zote hizi walikuwa wanabishana ndani. Wapo waliodhani nilizifunga vibaya. Basi yeye alinunua bati, kipande kama chetu, akafunga karatasi juu yake, akalipasha moto kwa taa na kulimwagia maji baridi, mara nyingi, asubuhi hadi jioni. Weupe ukatoka. Kwenye kona zilezile.

"Tulikuwa tumepanga safari ya makontena matatu," alisema. "Si kwenu tu, na nchi nyingine mbili. Yote yamesimamishwa. Hakuna hata karatasi moja iliyotoka bandarini." Kisha nikasikia anavuta pumzi. "Aimée, ulipoandika kwamba katikati wino ulikuwa bado mzima, niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama. Sijui nikushukuru vipi."

Nikamwambia amshukuru maman Nyota, na ilinibidi nimweleze habari ya nguo kuanzia mwanzo. Alicheka mpaka akalia, au kinyume chake. Anataka kujua yote kuhusu mpira mweusi. Wanataka tuendelee misimu mingine, na Yassine alipwe kama fundi wa mradi.

Nilishuka kumwambia Yassine. Alifunga atelier saa ileile, akaenda kununua mbuzi wa kuchoma. Kila mtu aliyebeba jiwe alikula.

20 Desemba

Mvua nzito za mwisho wa mwaka. Weupe hakuna. Nimeandika kwenye ripoti kwamba hii ni dalili nzuri tu, kwamba wiki chache si miaka kumi, na kwamba sitasema zaidi ya ninachokiona. Profesa ameandika pembeni kwa penseli: "Très bien." Nimeukata ukurasa ule nikautunza.

25 Desemba

Noeli. Maman Nyota aliniamsha mwenyewe nisichelewe misa, na nilipotoka alikuwa amenipigia pasi kitenge kipya.

4 Januari

Kampuni imeturuhusu kutoa fremu mbili. Nimepanda kilima na Yassine, yeye na fremu mgongoni, mimi na betri na taa. Maman Mélanie alizipokea na kuzikagua. Zilikuwa na vumbi, na mkwaruzo mmoja mrefu wa siku ile ya udongo. Alipitisha kidole juu ya mkwaruzo, akaridhika.

Tulimaliza kufunga alasiri. Nilimweleza ukweli kama ulivyo: zimepita miezi miwili ya mvua bila kuharibika, siwezi kuahidi zaidi, nitakuja kuzipima kila mwezi, na siku nitakapoona weupe nitamwambia siku hiyohiyo. "Sawa," alisema. "Ile ninaweza kufanya nayo kazi."

Kiza kilipoanza kuingia, walifika watu wanne wamebeba machela. Msichana mdogo, mimba ya kwanza, ameshika kitambaa kwa meno. Maman Mélanie akaingia naye. Mimi na Yassine tulibaki barazani na mume wake, ambaye hakuweza kukaa wala kusimama.

Taa ikawaka. Mwanga ulitoka dirishani ukaanguka kwenye majani ya migomba.

Halafu tukaanza kusikia sauti ya maman Mélanie. Yeye mwenye sauti ndogo, alisema bila kukoma. Alisema Mashi, alisema Kiswahili, alimwita yule msichana kwa jina, alimsifu, alimtania, alimwambia sasa, bado, pumua, ngoja, sasa. Kuna wakati aliimba. Iliendelea hivyo mpaka mtoto akalia, naye mume akakaa chini kwenye udongo.

Alipotoka kunawa nilimwambia, "Maman, sikujua uko msemaji hivi."

Aliniangalia, akaweka vidole viwili juu ya midomo yake, kama anatafuta kitu pale.

"Miaka yote, torche ya simu ilikuwa hapa," alisema. "Kati ya meno. Mikono inashika mutoto, meno inashika taa. Nilikuwa nabazalisha kimya." Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na alikuwa anatabasamu. "Leo nimesema naye."

Ndani, msichana alikuwa anamwita. Akageuka, akaingia, na tukamsikia ameanza tena.